Uso wa Varis: Maisha ya Bi Ozémie Narcisse Batiste, 1947–2025

"Bi Zemi, mbona huyu hujamchora uso?"

Swali hilo liliulizwa jikoni kwake, Mtaa wa Lamothe, hapa Pointe Adèle, siku ya Krismasi mwaka 2015. Aliyeuliza ni Noélie, mjukuu wa dada yake, mtoto wa miaka sita ambaye alikuwa hajajifunza bado yapi yanaulizwa na yapi yanaachwa. Juu ya friji palitundikwa ubao. Ulikuwa na kola ya shati la bluu, shingo, masikio mawili yaliyotokeza kama vishikio vya sufuria, na katikati, mahali pa uso, weupe mtupu. Watu wazima wote mezani waliacha kutafuna. Bi Zemi alimtazama mtoto, akautazama ubao, kisha akasema, "Corinne, mjukuu wako anataka mchuzi mwingine." Mtoto akaongezewa mchuzi. Jibu lilichelewa.

Marehemu Ozémie Marie Narcisse, ambaye mji mzima ulimwita Bi Zemi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 hapa hapa Pointe Adèle, Mississippi, katika nyumba ya tatu kutoka reli. Alikuwa mtoto wa pili wa Théophile Narcisse, mpasua mbao, na mkewe Delphine, aliyefua nguo za watu. Kaka yake Evariste, tuliyezoea kusikia akiitwa Varis, alimtangulia kwa miaka miwili. Dada yake Corinne alizaliwa mwaka 1952. Mpaka umri wa miaka saba Zemi alikuwa mtoto wa kukimbia. Inasemekana alimshinda Varis kwenye mbio za kutoka relini hadi kanisani, na kila aliposhindwa Varis alilaumu viatu, hata siku alizokimbia pekupeku.

Julai 1954 alishikwa na homa. Jumatatu alilalamika shingo, Jumatano hakuweza kuinua kijiko. Ilikuwa polio. Alipelekwa hospitali ya mbali, kwenye wodi ya Weusi iliyokuwa chini ya ardhi karibu na chumba cha kufulia, akaingizwa ndani ya lile pipa la chuma lililokuwa likiwapumulia wagonjwa. Kichwa peke yake ndicho kilichobaki nje. Juu ya paji lake walifunga kioo, na kwa muda wa miezi minane kila mtu aliyeonana naye alimwona ndani ya kioo hicho, kulia kukiwa kushoto. Usiku mmoja pipa la jirani yake, msichana kutoka Mobile, lilizimwa. Zemi hakuweza kugeuza kichwa. Alijua kwa masikio tu.

Alipoulizwa baadaye uchoraji alijifunzia wapi, hakuwahi kutaja shule. Alikuwa akisema, "Ndani ya pipa. Kwenye kioo ndipo nilipoona kwamba uso wa mtu una pande mbili, na hazipendani."

Alirudi nyumbani Machi 1955. Mikono na miguu haikurudi naye. Shule ya watoto Weusi ya parokia ilikuwa mwendo wa nusu saa, na kiti cha magurudumu hakikuwepo, kwa hiyo mama Delphine alimfunga kwa shuka mgongoni kwa Varis, kama mtoto mchanga, na Varis akambeba. Alimbeba kwenda na kurudi, mvua na jua, mpaka Varis alipoanza kazi mwaka 1962. Mtaa wote uliwasikia kabla ya kuwaona.

"Punda, kata kulia, kuna dimbwi."

"Punda ameliona. Punda ana macho. Abiria ndiye ana mdomo."

Mtawa aliyefundisha darasa la tatu alisema huyu mtoto akae nyuma asikilize tu, inatosha. Varis ndiye aliyemchomeka penseli kati ya meno. "Si unapenda kuongea?" alimwambia. "Haya, mdomo na ufanye kazi." Uso wa kwanza aliouchora maishani mwake ulikuwa wa mtawa yule yule. Hakuandika jina, lakini karatasi ilipozunguka, darasa zima liliangua kicheko. Mtawa aliichukua, akaiangalia kwa muda, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na hakuirudisha. Tangu siku hiyo Zemi alikaa mbele.

Baba yao alifariki mwaka 1962 kwenye kiwanda cha mbao. Varis aliingia kazini mahali pale pale alipoangukia baba, na kwa mishahara yake ya kwanza alimnunulia dada yake kiti cha magurudumu, cha mitumba, kikubwa, cha chuma kizito.

Kiti hicho ndicho kilichorudiwa. Tarehe 17 Agosti 1969, kimbunga kilipokuwa kinakuja, mama Delphine na Corinne walikuwa wamekwisha kufika ghorofa ya juu ya shule. Maji yalikuwa tayari yanaingia mtaani Varis alipopanda ngazi na Zemi mgongoni, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, amefungwa kwa shuka kama zamani. Akamtua sakafuni kando ya mama yao, akageuka.

"Unakwenda wapi?" Zemi aliuliza.

"Kiti."

"Achana nacho! Chuma kile kitakwenda wapi?"

"Na mimi mgongo wangu utakwenda wapi? Wewe unazidi kunenepa."

Walicheka wote, hata mama. Akashuka ngazi. Hakuna aliyemwona tena.

Kiti kilipatikana siku tatu baadaye, kimenasa kwenye matawi ya mwaloni nyuma ya kanisa, gurudumu moja limepinda. Mama Delphine alikifuta matope mwenyewe. "Kiti kimepatikana," alisema. "Basi na yeye atapatikana." Zemi alikalia kiti hicho miaka tisa zaidi kwa sababu hapakuwa na kingine.

Pointe Adèle ilipoteza watu wengi ambao miili yao haikuonekana. Pamoja nao zilikwenda picha zao, kwa sababu maji hayakuacha albamu hata moja kwenye mitaa ya chini. Hapo ndipo kazi ya Bi Zemi ilipoanzia. Familia ya mtu aliyepotea ilikuja yote, ikaketi mbele yake, ikamweleza. Yeye, brashi mdomoni, hakuweza kusema neno. Mguno mmoja ulikuwa ndiyo, miguno miwili hapana, na mguno mrefu ulikuwa "mwongo wewe." Aliazima nyuso za walio hai: paji kwa binamu huyu, kidevu kwa shangazi yule. Na wao waligombana.

"Pua ya babu ilikuwa pana."

"Pana wapi! Hiyo pana ni yako."

"Mimi nimeitoa kwa nani kama si kwake?"

"Nenda kamuulize mama yako."

Ikifika hapo Bi Zemi alitema brashi kwenye sinia na kusema, "Aongee mmoja. Mkiendelea namchora paka, mtaenda kumzika paka."

Kumzika, kwa sababu ndivyo desturi ilivyokua. Siku ya Watakatifu Wote, makaburi yakishapakwa chokaa na mishumaa kuwashwa, picha ya asiyepatikana hupelekwa makaburini. Mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo huisogelea. Akiridhika hutamka: "Ndiye," na jina. Neno hilo ndilo mazishi. Jina huchongwa kwenye kaburi la ukoo, na sahani ya mtu huyo, ambayo mpaka siku hiyo huwekwa mezani kila mlo kumngojea, huondolewa. Asiporidhika husema "Siye," na picha hurudi nyumbani. Neno likishatoka halirudi. Wazee wanakumbuka namna Bibi Eulalie Labauve, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alivyosimamishwa mbele ya picha ya watu wengine na kuita kwa sauti iliyofika barabarani, "Ndiye! Ndiye Onésime wangu!" Picha ilikuwa ya Septime Dorsin, jirani aliyegombana na Onésime maisha yao yote juu ya mti mmoja wa mpekani. Haikuwezekana kubatilisha. Mpaka leo Septime yuko kwenye kaburi la kina Labauve, na wajukuu zake humpelekea maua huko, kwa adabu, huku kina Labauve wakiwatazama.

Mama Delphine ndiye aliyekuwa mikono ya Bi Zemi. Alikoroga rangi, alifunga ubao kwenye stendi, alimchomeka brashi mdomoni na kuitoa, alimfuta mate kidevuni. Familia karibu arobaini zilipata nyuso zao kupitia mdomo wa binti na mikono ya mama. Mwaka 1970 ikawa zamu yao wenyewe.

Bi Zemi alimchora Varis miezi mitano. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Tarehe 1 Novemba 1970 ubao ulipelekwa makaburini na kitambaa kilipoondolewa watu walirudi nyuma. Mjomba Prosper alivua kofia. Corinne, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, anasema alisikia haya kumtazama kaka yake machoni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amevaa saa ya Varis.

Mama Delphine alisogea. Alikaa mbele ya ubao mpaka mshumaa mmoja ukazimika.

"Siye," alisema.

"Delphine!" Mjomba Prosper alipaza sauti. "Una macho gani wewe? Huyo amebakiza kuomba chakula!"

"Nimesema siye. Nimezaa mimi au umezaa wewe?"

Nyumbani alimimina tapentaini kwenye tambara na kuufuta uso ule mwenyewe, mbele ya binti yake, akaacha masikio na kola. Asubuhi iliyofuata alisafisha brashi, akaichomeka mdomoni mwa Zemi. "Anza tena," alisema.

Akaanza tena. Mwaka 1971, siye. Mwaka 1972, siye. Kila Novemba ubao ulikwenda makaburini na uso, ukarudi, ukafutwa. Sahani ya Varis ilibaki mezani. Corinne aligombana na dada yake juu ya jambo hilo mpaka wakanuniana. "Anakuadhibu," alimwambia. "Anakuadhibu kwa ajili ya kile kiti, na wewe unamsaidia. Kataa!" Bi Zemi hakukataa. Mjini walisema mengi. Wengine walisema mchoraji mkubwa hawezi kumpata ndugu yake mwenyewe. Wengine walisema mama mtu ana roho ya jiwe. Bi Zemi aliyasikia yote, kwa sababu waliokuja kuchorewa watu wao walisahau kwamba mwenye brashi mdomoni bado ana masikio.

Katika miaka hiyo alikuja Ursin Batiste, fundi wa kuchomelea vyuma, mjane, akitaka mkewe achorwe. Alieleza kwa wiki sita. Alieleza hata yasiyohusu uso. Alikwenda akiwaambia watu kwamba hajawahi kukutana na mwanamke msikivu kama yule. Picha ilipokwisha na brashi ikatolewa, Bi Zemi alianza kuongea na Ursin akagundua kosa lake. "Nilifuata ukimya," alizoea kusema, "nikafunga ndoa na redio." Walifunga ndoa tarehe 10 Juni 1978 katika kanisa hili. Mwaka 1980 walipata mtoto wa kiume, Lucien, ambaye hakufikisha wiki. Hawakupata mwingine. Ursin alifariki Januari 2003 kwa mapafu, kama mafundi wengi wa kundi lake.

Picha za Bi Zemi zilionyeshwa Jackson mwaka 1986, na baadaye New Orleans na Atlanta. Hakupenda safari hizo. Waandishi wa habari walikuja na kamera, wakapiga picha ya mdomo wake kutoka kila upande, wakaondoka bila kupiga hata picha moja ya nyuso ukutani. Gazeti moja liliandika kwamba yeye ni muujiza. Alimwomba Ursin amsomee tena mahali hapo, kisha akauliza, "Wameandika kama zimefanana na wenyewe?" Hawakuandika. Akasema gazeti lifungiwe samaki.

Mama Delphine alifariki tarehe 22 Machi 1991. Novemba iliyotangulia alikuwa amepelekwa makaburini akishikiliwa huku na huku, na akasema tena, siye, na jioni yake akaomba tambara. Baada ya mazishi, ukubwa wa ukoo ulimwangukia Bi Zemi. Neno sasa lilikuwa lake. Corinne alimjia siku ya arobaini na kumwambia, "Dada, imekwisha. Mchore mara moja, useme ndiye, tulichonge jina lake, tupumue." Bi Zemi alisema atafikiri. Ubao ulitundikwa juu ya friji jinsi ulivyoachwa, bila uso, na ulikaa hapo. Sahani aliiondoa mwenyewe, yaani alimwambia Ursin aiondoe.

Kimbunga cha 2005 kilizichukua tena zile nyuso. Kati ya picha zote alizochora kwa ajili ya mji huu, zilisalia kumi na moja. Watu walimjia wakilia, lakini wengi wa wale waliokuwa wakijua kueleza walikuwa wamekufa, na walio hai waliikumbuka picha, si mtu. Alichora kadhaa. Alikiri kwamba si nzuri. Alipohamishwa kabla ya kimbunga hicho mpwa wake alimkuta ameamuru vitu viwili tu viingizwe garini, mkebe wa brashi na ule ubao.

"Bi Zemi, picha zote hizi nzuri, unachukua ubao usio na kitu?"

"Endesha gari," alimjibu.

Meno yake ya mbele yaliliwa na mipini ya brashi, na mwaka 2008 yaling'olewa. Aliendelea kwa kipande cha mpira alichotengenezewa na fundi wa meno. Halafu polio ilirudi, kama inavyowarudia wengi uzeeni: shingo ilianza kuchoka, kisha taya, kisha pumzi. Uso wake wa mwisho, wa padri wetu, aliuanza mwaka 2019 na hakuumaliza. Kuanzia 2022 alilala na mashine ya kupumulia. Alisema inamkera kwa sababu inapumua kwa kasi ya mtu mwingine.

Oktoba mwaka huu alipata nimonia, akalazwa hospitalini. Alimwita Corinne akamwambia, "Nikienda, jina la Varis mchonge pamoja na langu, kwenye mstari mmoja. Picha msihangaike nayo." Corinne aliuliza kama anasema ndiye. Bi Zemi alifumba macho, akasema kwamba amechoka na Corinne tangu mwaka 1952. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ametanguliwa na wazazi wake Théophile na Delphine, kaka yake Evariste, mumewe Ursin na mwanawe Lucien. Ameacha dada, Corinne Narcisse Valcour. Wapwa watatu, Prosper, Estelle na Raymond. Wajukuu saba, akiwemo Noélie aliyeandika wasifu huu. Na nyumba nyingi katika mji huu ambazo zilijua sura za watu wao kwa sababu yake. Bwana amlaze pema, kando ya mama yake.

Siku ya Watakatifu Wote, wiki moja kabla hajaondoka, wengine wote walikuwa makaburini na Noélie alibaki naye hospitalini. Hakumuuliza kitu. Bi Zemi aliashiria kwa macho barakoa ya mashine ya kupumulia ishushwe, akaongea kidogo kidogo, akisubiri pumzi.

"Uliniuliza kuhusu uso."

"Nilikuwa mdogo, Bi Zemi."

"Swali halikuwa dogo. Sikiliza. Mwaka ule wa kwanza mama alipochukua tambara, nilikuwa nimekaa karibu yake kama wewe hapo. Hakufuta kama mtu anayefuta ubao. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, kama vile anaweza kukwepa. Akaanza na pembe za mdomo. Akaja kwenye macho, polepole, kwa ncha ya tambara. Akazungusha nyuma ya masikio, pale ambapo hapakuwa na rangi yoyote. Ndivyo alivyokuwa akimwosha Varis kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Basi kila mwaka nikamchorea uso wa kuosha. Sasa mama hayupo. Nimchoree nani?"